Nyota ya Siku Saba na Saa Nne

Tairi ni nyota rahisi kuipata. Usiku wa Agosti, saa nne hivi, huku kwetu Dodoma inakuwa karibu juu ya utosi, nyeupe, kali, na kila upande wake kuna nyota ndogo iliyojipanga nayo mstari mmoja. Ile hafifu kati ya hizo mbili, ya upande wa kusini, ni Beta ya kundinyota la Ukabu, ambalo ramani za kimataifa zinaliita Aquila. Shuka tena kusini kiasi cha nusu ya ngumi ya mkono ulionyooshwa. Utakuta nyota ya kawaida kabisa, haina rangi ya kuvutia wala haina wenzake wa karibu. Hiyo ni Eta Aquilae. Leo inaweza kuipita Beta kwa mwanga. Rudi baada ya siku tano, utaikuta imefifia na Beta inaiacha mbali. Baada ya siku mbili nyingine imekwea tena.

Kukwea na kushuka huko kunachukua siku 7, saa 4 na dakika 14, kisha kunaanza upya. Hakuna kitu kinachoikinga nyota hii wala wingu linalopita mbele yake. Nyota yenyewe inatanuka na kusinyaa, inapata joto na kupoa. Inapwita.

Kila nikimwambia mtu kwamba napima nyota, swali la kwanza ni darubini yangu ina ukubwa gani. Kwa nyota hii sihitaji darubini. Nahitaji macho, daftari na saa iliyo sahihi, na kati ya hivyo vitatu saa ndiyo naithamini zaidi. Najua inasikika ajabu, kwa maana tunachopima ni mwanga. Lakini katika kazi hii mwanga unaweza kuukadiria kwa kubahatisha kidogo na bado ukafika. Ukiharibu safu ya saa, ukurasa wote haufai.

Nianze na mwanga. Wanaastronomia wanaupima kwa magnitudo, kipimo kinachomchanganya kila mgeni kwa sababu namba ikipanda mwanga unashuka. Nyota ya magnitudo 1 ni kali. Ya 6 ndiyo mwisho wa jicho zuri penye giza la kweli. Norman Pogson aliinyoosha hesabu yake mwaka 1856: tofauti ya magnitudo 5 ni mwanga mara 100, kwa hiyo hatua moja ni mara mbili na nusu na kidogo. Eta Aquilae inatembea kati ya 3.5 na 4.4. Maana yake ikiwa kileleni inatoa mwanga zaidi ya mara mbili ya ule wa bondeni, na watu wanapita chini yake kila usiku bila habari. Sishangai. Jicho halina kumbukumbu ya mwanga. Jicho linajua kulinganisha tu.

Basi tunalinganisha. Njia hii ilipewa utaratibu wake na Friedrich Argelander, Mjerumani ambaye mwaka 1844 aliwaita wapenzi wa anga wasaidie kuzifuatilia nyota badilifu, maana wataalamu walikuwa wachache na nyota ni nyingi. Unachagua nyota mbili zisizobadilika, moja kali kidogo kuliko unayoipima na nyingine hafifu kidogo, kisha unajiuliza nyota yako imekaa wapi katikati yao. Eta ina majirani wazuri kwa kazi hii: Theta yenye 3.2, Delta 3.4, Beta 3.7 na Iota 4.4. Zote ziko juu, mbali na vumbi la upeoni. Nikiona Eta imeshuka theluthi ya njia kutoka Beta kwenda Iota, naandika 3.9. Makadirio ya namna hiyo yanakosea sehemu ya kumi ya magnitudo, pengine mbili. Ukiyatazama moja moja yanatia aibu. Lakini safari nzima ya Eta ni sehemu tisa za kumi, na usiku ukifuata usiku makosa ya juu na ya chini yanaanza kufutana.

Yasiyofutana ni makosa yanayotoka kichwani. Ukijua kwamba leo nyota inatakiwa kuwa kileleni, utaiona kileleni. Wapimaji wa zamani waliujua ugonjwa huu na walishauri mtu asitazame makadirio yake ya jana kabla ya kuandika ya leo. Mimi nina dawa nyingine: mzee anayelinda nyumba ya jirani, ambaye yuko nje usiku kucha hata hivyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja na zile zako?"

"Nimekuja nazo. Ile ndogo pale, na hii inayofuatana na nyeupe kubwa. Ipi inawaka zaidi?"

"Hii ya nyeupe kubwa. Tena leo imeizidi sana. Juzi si zilikuwa sawasawa? Au umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nilitaka neno la mtu ambaye hana grafu mfukoni.

Sasa saa. Ukiandika "saa 3 usiku" katika daftari lako, wewe unajua maana yake, lakini mtu wa Ulaya atakayelisoma miaka hamsini ijayo ataelewa saa nyingine kabisa. Ndiyo maana wapima nyota duniani kote wameachana na tarehe za kawaida. Wanahesabu siku tu, moja baada ya nyingine, bila miezi wala miaka, kuanzia Januari 1 ya mwaka 4713 kabla ya Kristo. Hesabu hiyo inaitwa Siku ya Julian na inatokana na mzunguko wa miaka aliobuni Joseph Scaliger mwaka 1583. Adhuhuri ya Greenwich ya Januari 1, 2000 ilikuwa siku ya 2,451,545 kamili. Siku inageuka adhuhuri, badala ya usiku wa manane, ili usiku mmoja wa kazi usikatwe vipande viwili.

Adhuhuri ya Greenwich kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa alasiri. Kwa hiyo saa tisa alasiri ni nukta sifuri. Saa tatu usiku ni.25, saa tisa usiku ni.50, saa tatu asubuhi ni.75. Usiku wetu wote, kuanzia magharibi hadi alfajiri, unakaa ndani ya namba moja, na robo za siku zinaangukia kwenye saa ambazo kila mtu anazikumbuka. Mwenzetu wa California siku inamgeukia alfajiri akiwa bado kazini. Ni jambo dogo, lakini mimi linanifurahisha kila ninapojaza jedwali.

Ukishakuwa na safu mbili, ya wakati na ya mwanga, kazi inayofuata ni kukunja. Chukua wakati wa kipimo, toa wakati wa kilele kimoja unachokijua, gawanya kwa siku 7.177. Namba nzima inakwambia mapigo mangapi yamepita, unaitupa. Kinachobaki nyuma ya nukta ndiyo awamu: uko wapi ndani ya pigo lenyewe. Panga vipimo vyote kwa awamu na miezi minne ya usiku mmoja hapa, miwili pale, inalala juu ya pigo moja. Vipimo vilivyokuwa vimetawanyika ovyo kwenye kalenda vinajichora kama mlima wenye upande mmoja mkali: kupanda kunachukua siku mbili na kitu, kushuka karibu siku tano.

Namna unavyochagua siku za kupima ina hila yake, na Eta ni mwalimu mzuri wa hila hiyo. Tuseme una nafasi Jumamosi tu, saa ileile kila wiki. Wiki ina siku 7 kamili; Eta inahitaji siku 7 na saa nne na robo. Kila Jumamosi utaikuta nyuma kidogo ya pale ilipokuwa Jumamosi iliyopita, nyuma kwa sehemu moja ya arobaini na moja ya pigo. Utadhani una nyota inayobadilika polepole mno, yenye kipindi cha siku 284. Si hilo tu. Kwa kuwa kila wiki unarudi nyuma ndani ya pigo, picha nzima itachezwa kinyumenyume: nyota itashuka kwa kasi na kupanda taratibu. Kila kipimo chako kitakuwa cha kweli, na hitimisho lako litakuwa la uongo mtupu. Tiba ni kuvunja mpangilio. Pima Jumatano. Pima siku mbili mfululizo. Amka alfajiri mara moja moja. Wanaotafuta vipindi vya nyota kwa kompyuta wanaujua mtego huu vizuri, hasa kwa nyota zinazopwita chini ya siku moja kama RR Lyrae, yenye kipindi cha saa 13 na dakika 36. Mpimaji wa sehemu moja duniani anaiona usiku tu, na usiku unarudi kila baada ya saa 24, kwa hiyo data yake inakubali vipindi kadhaa kwa wakati mmoja na yeye hana la kusema mpaka apate vipimo vya mtu wa bara lingine.

Aliyeiona Eta ikibadilika kwa mara ya kwanza alikuwa Edward Pigott, mjini York, Uingereza, usiku wa Septemba 10, 1784. Usiku huohuo rafiki na jirani yake, John Goodricke, aligundua kwamba Beta ya kundinyota la Kinubi nayo inabadilika. Wiki chache baadaye Goodricke akaikamata Delta Cephei, iliyo katika kundinyota la Kifausi, yenye pigo la siku 5 na saa 9 kasoro dakika chache. Goodricke alikuwa kiziwi tangu utotoni. Mwaka 1783 alikuwa ameshapewa nishani ya Copley na Royal Society kwa kazi yake juu ya nyota Algol, na alifariki Aprili 1786 akiwa na miaka 21. Walichofanya wawili hao ni hichihichi tunachofanya: jicho, nyota za jirani, na saa. Familia nzima ya nyota hizi imeitwa Sefeidi kwa jina la Delta Cephei, ingawa Eta ya Pigott ilitangulia. Mimi ningempa Pigott haki yake, lakini majina yakishazoeleka hayabadiliki.

Kwa zaidi ya karne moja hakuna aliyejua kinachotokea ndani. Mwaka 1894 Aristarkh Belopolsky aliipima mwendo Delta Cephei kwa kuichambua mianga yake, akakuta inatujia na kutukimbia kwa pigo lilelile la siku tano na kitu. Jibu la haraka lilikuwa kwamba zipo nyota mbili zinazozungukana. Jibu hilo lilidumu mpaka 1914, Harlow Shapley alipoonyesha kwamba kwa hesabu hiyo nyota ya pili ingelazimika kuzunguka ndani ya tumbo la ile ya kwanza. Kilichokuwa kinatujia na kutukimbia ni uso wa nyota yenyewe. Arthur Eddington akaliwekea wazo hilo hesabu zake, lakini alikosa kitu kimoja: nini kinachochea? Mtu akisukuma bembea mara moja, bembea husimama. Nyota hizi hazisimami.

Jibu lilikuja miaka ya 1950, Sergei Zhevakin alipoonyesha kwamba mchochezi ni gesi ya heli. Chini kidogo ya uso wa nyota, mahali penye joto la kama nyuzi 40,000, heli inapoteza elektroni yake ya pili. Tabaka hilo likibanwa, linakuwa zito kupitisha mwanga. Nishati inayotoka chini inakwama, shinikizo linapanda, na tabaka za juu zinasukumwa nje. Zikitanuka zinapoa, heli inarudisha elektroni, njia inafunguka, nishati inatoroka, na uzito wa nyota unazivuta tabaka chini tena. Nyota nyingi zina heli, lakini tabaka hili linafanya kazi hiyo pale tu linapokaa kwenye kina kinachofaa, na ndiyo maana Jua letu halipwiti hivi.

Kuna jambo ambalo wengi wanalikosea hapa. Nyota haiwi kali zaidi ikiwa kubwa zaidi. Kilele cha mwanga kinakuja wakati bado inatanuka, ikiwa na joto kubwa. Inapofikia unene wake wa mwisho imeshapoa na mwanga umeshaanza kushuka. Delta Cephei inatoka karibu nyuzi 5,500 na kufika zaidi ya 6,500 katika kila pigo, na joto lina nguvu juu ya mwanga kuliko ukubwa.

Macho yalinifikisha kwenye mlima wenye upande mkali. Kamera ilinipeleka mahali pengine. Ni kamera ya mtumba yenye lenzi ya milimita 50, imekaa juu ya stendi ya miguu mitatu, haifuati mzunguko wa anga. Naiharibu fokasi makusudi kidogo, mwanga wa nyota utawanyike kwenye pikseli nyingi na usijaze hata moja. Picha za sekunde kumi, nyingi, kwa faili ghafi, maana faili za kawaida za simu na kamera zinapikwa kabla hujazipata na upikaji huo unaharibu uwiano wa mwanga. Nyota inatoka kama kistari kifupi kwa sababu Dunia inazunguka, haidhuru. Kwenye kompyuta, programu ya bure kama AstroImageJ inajumlisha mwanga wa kila nyota, inatoa mwanga wa anga uliouzunguka, kisha inalinganisha na majirani. Natumia pikseli za kijani tu, kwa kuwa ziko karibu na rangi ambayo wanaastronomia wanaipimia, na nampa Beta uzito zaidi kwa sababu rangi yake ya njano inafanana na ya Eta, wakati Iota na Theta ni za buluu. Kosa linashuka hadi sehemu chache za mia.

Na hapo ndipo nilipokiona kinundu. Eta ikishuka kutoka kileleni haishuki moja kwa moja. Njiani inasita, mwanga unakaa kidogo, kisha unaendelea kushuka. Kwa jicho sikuwahi kukiamini, nilidhani ni mkono wangu kwenye karatasi. Kwa kamera kilijitokeza kila pigo, mahali palepale.

Ejnar Hertzsprung alikieleza kinundu hiki mwaka 1926, na alichokiona ni kizuri mno. Kinahama kulingana na urefu wa pigo. Kwa nyota za siku saba hivi, kama Eta, kipo kwenye mteremko. Kwa nyota za karibu siku kumi kinapanda na kukaa kileleni, ndiyo maana Zeta Geminorum yenye siku 10.15 na Beta Doradus yenye siku 9.84 zina vilele butu, milima isiyo na upande mkali. Kwa nyota za muda mrefu zaidi kinahamia upande wa kupanda. Maelezo yanayokubalika leo ni kwamba nyota haipwiti kwa namna moja tu. Pigo kuu lina mapigo mengine madogo juu yake, na karibu na siku kumi moja kati ya hayo linakuwa na kasi mara mbili kamili ya pigo kuu. Mawili hayo yanashikana. Kinundu ni alama ya kushikana huko, imetoka ndani kabisa ya nyota na kufika kwenye kamera ya mtumba. Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu katika kazi hii, ningechagua hicho, kabla hata ya umbali wa magalaksi.

Umbali nao hauwezi kuachwa, maana ndio uliozipa Sefeidi umaarufu. Henrietta Leavitt alikuwa mfanyakazi wa Harvard kwa malipo ya senti 30 kwa saa, akikagua vioo vya picha vilivyopigwa Arequipa, Peru. Katika Mawingu ya Magellan, magalaksi mawili madogo jirani na yetu, ambayo hata sisi tunaliona lile dogo mwezi wa Novemba, chini upande wa kusini, pasipo na taa, aliorodhesha nyota badilifu 1,777 katika chapisho la 1908. Mwaka 1912, kwa nyota 25 za wingu dogo, aliweka wazi kwamba yenye pigo refu ndiyo yenye mwanga mkubwa. Kwa kuwa zote zilikuwa mbali nasi sawa, tofauti ya mwanga ilikuwa tofauti ya kweli. Miaka kumi na moja baadaye, Edwin Hubble alipata Sefeidi ndani ya galaksi ya Andromeda na ubishi kuhusu ukubwa wa ulimwengu ukaisha.

Unaweza kuionja hesabu ya Leavitt bila kutoka Tanzania. Mbali kusini, katika kundinyota la Mkuku, lilelile la Suheli ambayo manahodha wa majahazi wanaijua, ipo Sefeidi inayoitwa l Carinae, kwa herufi l ndogo. Inatembea kati ya 3.3 na 4.2, karibu sawa na Eta kwa macho yetu. Lakini pigo lake ni siku 35 na nusu. Kwa kanuni ya Leavitt pigo refu hivyo ni mwanga wa mara nne hadi tano ya ule wa Eta. Ikiwa ina mwanga mwingi kiasi hicho na bado inaonekana sawa na mwenzake, basi iko mbali karibu mara mbili. Vipimo vya njia nyingine vinaiweka Eta karibu miaka ya nuru 900 na l Carinae karibu 1,600. Vumbi lililoko katikati linakula kidogo, lakini kwa daftari na saa tu, umekaribia.

Turudi kwenye safu ya wakati, niliyosema naithamini zaidi. Pigo la Delta Cephei linafupika, kiasi cha sehemu ya kumi ya sekunde kwa mwaka. Hakuna kamera ya kuona kitu hicho katika pigo moja, wala katika mia. Lakini pigo likifupika, kila kilele kinawahi kidogo zaidi ya kilichotangulia, na kuwahi huko kunajilimbikiza. Ukipiga hesabu kutoka siku za Goodricke mpaka leo, vilele vimewahi kwa zaidi ya siku mbili nzima. Kinachoonyesha kwamba nyota hiyo inabadilika ndani, inasinyaa polepole katika uzee wake, ni kwamba kijana mmoja wa York aliandika saa. Mwanga wake aliukadiria kwa jicho, kwa kosa lilelile la kwangu na la yule mzee mlinzi. Saa yake ndiyo inayotumika hadi leo.

Barani kwetu yupo aliyefanya kazi hii kwa kiwango kinachotisha. Alexander William Roberts, mwalimu wa Lovedale huko Afrika Kusini, alizifuatilia nyota badilifu za kusini kuanzia miaka ya 1890 na kuacha karibu robo milioni ya makadirio. Chama cha AAVSO cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1911, bado kinapokea vipimo vya namna hiyo kutoka kwa yeyote, vya jicho na vya kamera, na kuvihifadhi pamoja.

Kuna watakaosema satelaiti na darubini za kisasa zimemaliza kazi. Kwa nyota hafifu, kweli. Mradi wa OGLE wa Wapolandi ulioko Chile peke yake umeorodhesha karibu Sefeidi 10,000 katika Mawingu ya Magellan. Lakini satelaiti ya TESS, iliyorushwa 2018, inakaa na kipande kimoja cha anga kwa siku 27 kisha inahamia kingine, na pigo la l Carinae halitoshi humo. Tena nyota hiyo haitabiriki vizuri: mwaka 2014 Richard Anderson alionyesha kwamba kasi ya uso wake hairudii ileile kutoka pigo moja hadi jingine.

Tatizo langu na l Carinae ni mvua. Dodoma mawingu yanaanza Desemba na kukaa hadi Aprili, wakati ambao nyota hiyo iko juu usiku. Napata Mei hadi Julai, jioni, ikielekea kuzama, yaani mapigo mawili na nusu kwa mwaka. Halafu pengo refu. Nikikosea kipindi kwa siku moja tu, nikivuka pengo la miezi tisa sijui tena niko hatua gani ya pigo. Pwani ya kaskazini ni kinyume: Januari na Februari, kaskazi ikivuma, anga la Tanga au Unguja linakuwa wazi huku letu limefunga.

Kwa hiyo kama unaishi pwani hiyo na una upande wa kusini usio na taa, anza Januari kuanzia saa nne usiku. Tafuta umbo la almasi linaloundwa na Beta, Theta, Upsilon na Omega za Mkuku. Upsilon ina magnitudo 3.0, Omega 3.3. l Carinae iko vidole viwili kaskazini ya Upsilon. Chati ya nyota za kulinganishia inapatikana bure kwenye tovuti ya AAVSO. Usiku wowote ulio wazi unatosha, hata mara mbili kwa wiki, maana siku 35 hazina haraka. Andika saa kwa mfumo wa 24, na taja kwamba ni saa za Afrika Mashariki.